Nakataje stripi za milimita 15 zitoke sawa zote? Karatasi ya magugu maji, niko Mwanza

binti_kayenze

Habari za jioni wakuu, na shikamooni wakubwa zangu.

Niko mwaka wa mwisho hapa Mwanza, projekti yangu ni karatasi ya mkono ya magugu maji. Kuna kikundi cha akina mama huku Kayenze wanayavuna ziwani, wanakata mashina, wanayaanika, wanayachemsha na kostiki soda, wanatwanga mpaka inakua uji, alafu wanachota kwa fremu yenye wavu na kuanika juani. Karatasi inatoka ya kahawia, nzito kiasi, ukiishika unaona kabisa nyuzi zimelala humo ndani. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 wao hesabu yao ni mifuko ya kubebea bidhaa, na kuna mnunuzi amewaambia leteni namba, nataka kujua hii karatasi inavutwa mpaka wapi ndo ikatike. Hiyo namba ndo nimebeba mimi.

Mashine ya kuvuta nimeruhusiwa kutumia, hiyo haina shida. Shida yangu iko kabla ya mashine. ISO 1924-2, kile kiwango cha kimataifa cha kupima nguvu ya karatasi kwa kuivuta, inataka stripi upana milimita 15, kupungua au kuzidi isipite 0.1, na pande mbili ziwe sambamba. Mimi nina mkasi, rula ya chuma, kisu cha kusukuma wembe na gilotini ya mkono ya ofisini. Karatasi zenyewe hazifiki ishirini, saizi ni kama A4, na kikundi hawawezi kutengeneza nyingine karibuni maana upepo umeyasukuma magugu yote upande mwingine wa ziwa, mwaloni pako peupe. Kwaio siwezi kukata kwa kubahatisha nikaharibu.

Naomba msaada: nakata na nini, naacha pembeni kiasi gani, na nikate kwa urefu tu au na kwa upana? Supavaiza wangu amesafiri, simu anapokea kwa shida.

Steshenari_Makoroboi

Dada hio kazi ndogo sana, njoo mjini kwenye duka lolote la kuprinti lenye ile gilotini kubwa ya umeme, wanapanga rundo lako lote wanaweka saizi 15 wanashusha kisu mara moja imeisha, zote zinatoka sawasawa. Hela ya soda tu.

mzee_wa_labu

Mwangaluka wote. Binti marahaba.

Nimefanya kazi ya kupima nguo na nyuzi miaka mingi kwenye viwanda vya huku kwetu kanda ya ziwa, kwa hiyo naomba niongee taratibu kidogo, maana hapa kwenye kukata ndipo vipimo vingi vinapofia na mtu anakuja kulaumu mashine au kulaumu malighafi.

Kwanza uelewe kwa nini wanakubana hivyo kwenye upana. Nguvu ya karatasi inaandikwa kwa niutoni (kipimo cha nguvu ya kuvuta) kugawa kwa upana wa stripi. Wewe ukigawa kwa 15 wakati stripi yenyewe ni 14.2, umeshajipunja asilimia 5 na zaidi kabla hata hujawasha mashine. Na nyingine ikitoka 15.6 unajiongezea asilimia 4. Ukichanganya hizo mbili kwenye wastani utaona namba zinaruka ruka, utaandika kwamba karatasi ya magugu haina msimamo, na akina mama watakosa soko kwa kosa la wembe.

Pili, na hili ni kubwa kuliko la kwanza, ni ukingo. Karatasi haikatiki kote kwa pamoja, inaanzia mahali. Pakiwa na kijichaniko kidogo pembeni, hata usichokiona kwa macho, mvuto wote unajikusanya kwenye ncha yake na mpasuko unaanzia hapo. Unakuwa umepima chaniko, hujapima karatasi. Mkasi ni mbaya kwa sababu hiyo: kila ukifungua na kufunga tena unaacha ngazi ndogo pale ulipoanzia upya. Usiutumie kabisa kwenye pande ndefu.

Tatu ni kupishana, stripi inakuwa pana huku na nyembamba kule. Gilotini ya mkono ya ofisini inafanya hivyo sana, kwa sababu mkono unashuka kama mlango unaofungwa, kisu kinaanza kukata karibu na bawaba na kinaisukuma karatasi mbele kinavyokwenda. Kwa karatasi ya fotokopi unaweza usione, ila kwa karatasi nzito yenye nyuzi ndefu kama hiyo yako lazima iteleze.

Sasa ndugu yetu wa Makoroboi, gilotini ya umeme siikatai, ina kibanio kinachoshika karatasi na ukingo wake ni msafi kisu kikiwa kipya. Tatizo ni rundo. Kisu kikishuka kwenye rundo kinaelekea kuvuta, ya juu na ya chini hazitoki saizi moja, na kwa karatasi ya mkono ambayo unene wake unapanda na kushuka ndiyo zaidi, kibanio kinashika penye unene pengine panabaki hewa. Halafu kusogeza 15, kata, sogeza 15, kata, kila kosa dogo la kusogeza linaingia kwenye upana. Na binti hana karatasi za kuchezea.

Njia inayotumika ni wembe mbili zilizofungwa sambamba, zinapita mara moja, pande zote mbili zinakatika kwa pamoja. Upana hautegemei tena mkono wako wala jicho lako.

mshona_suti_Pamba_Road

Mimi ni fundi cherehani ila nilishawahi kuona wanavyopima kitambaa. Wanakata kipana kwanza alafu wanachomoa nyuzi moja moja pembeni mpaka inabaki saizi wanayotaka, hapo upana unakua sahihi kabisa na hakuna uzi uliokatwa nusu. Si afanye hivo?

mzee_wa_labu

Fundi umesema kweli kabisa kwa kitambaa. Kwenye ISO 13934-1, kiwango cha kuvuta kitambaa, stripi ya kitambaa cha kufuma ni milimita 50, unakata pana zaidi halafu unachomoa nyuzi pande zote mbili mpaka ibaki 50 kamili, na zile nyuzi za mlalo zinabaki kama vishada vinavyozuia za pembeni zisichomoke. Taya za mashine, yaani vibanio vinavyoshika ncha mbili za stripi, zinaachana milimita 200. Ila kitambaa kina nyuzi zilizonyooka, moja inafuata nyingine. Karatasi nyuzi zimelala ovyo, hakuna wa kumchomoa. Kwenye karatasi ukingo wako ni ule ule ulioutengeneza kwa wembe.

ngozi_Ilemela

Naongezea upande wa ngozi. Sisi ngozi, pamoja na ngozi ya sangara, hatukati kwa wembe wa kuburuza, tunatumia dai ya chuma yenye makali, unaiweka juu ya ngozi unashusha presi mara moja, kipande kinatoka na umbo lake. Pale DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) kampasi ya Mwanza wanafundisha teknolojia ya ngozi, ukiulizia unaweza kuona inavyofanya kazi. Kwa karatasi dai inawezekana ila kuichonga ni gharama, na makali yakichoka inaponda ukingo badala ya kukata. Kwa idadi yako ya karatasi naungana na mzee, wembe mbili.

Ila jambo moja tunalolizingatia sana kwenye sangara ni uelekeo, kukata kufuata uti wa mgongo na kukata kwa kupingana nao ni majibu mawili tofauti kabisa. Na wewe chunguza karatasi yako ina uelekeo gani.

binti_kayenze

Asanteni sana jamani, mzee wangu asante mno, hilo la chaniko sikulijua kabisa.

Hizo wembe mbili nazipata wapi? Nimeulizia hapa chuoni hawana, na ya kuagiza nje bei yake siiwezi. Na swali la uelekeo, akina mama wakishachota wanaitikisa fremu mbele nyuma kwa upande mmoja ili maji yachuje, je hio inalaza nyuzi?

Fundi_Nyakato

Dada usiagize nje. Hio kitu inachongwa hapa hapa Nyakato kwa mtu mwenye mashine ya kuchonga, au hata kwa mkono ukiwa na subira. Nakuelekeza kwa urefu maana kuna sehemu moja watu wengi wanaikosea na ukiikosea stripi zako zote zinaharibika kwa kiasi kile kile, hutajua.

Tafuta kipande cha alumini, urefu kama sentimita 10, kimo sentimita 3 hivi kiingie vizuri mkononi. Hio ndo block, na unene wake ndo utakaotenganisha wembe. Wembe chukua za kile kisu cha kusukuma, zile pana za milimita 18, pakti moja, zote mpya. Pande zote mbili za block unaweka wembe, juu ya wembe unaweka kibamba cha chuma cha kuibana, unatoboa bolti mbili zinapita kote, unakaza. Ncha za wembe zitokeze chini sawa sawa, ziweke juu ya kioo kabla hujakaza ili zote ziguse.

Sasa sikiliza hapa. Mtu anasikia 15 anachonga block 15 kamili. Wembe zile unene wake ni nusu milimita, na makali yamenolewa pande zote mbili, maana yake ncha inayokata iko katikati ya unene, haiko ubavuni kwenye block. Kila wembe unakuongezea robo milimita, jumla nusu, stripi inatoka 15.5 na wewe unaruhusiwa 0.1 tu! Kwaio block iwe 14.5. Pima wembe zako mwenyewe kwa maikromita (kile kifaa cha kupima unene mdogo) usiniamini mimi, chukua 15 toa unene wa wembe mmoja, hio ndo saizi ya block.

Ukichonga ikatoka nyembamba kidogo usitupe. Kata kipande cha karatasi ya fotokopi ile ya gramu 80, unene wake ni kama 0.1, weka kati ya block na wembe, umesharudisha. Ikitoka nene, tandika msasa laini juu ya kioo, isugue kwa kuizungusha, pima kila mara kwenye kona zote nne.

Kuhakiki usiangalie block, kata karatasi ya kawaida alafu pima kile kilichokatwa. Kilichokatwa ndo kinaenda kwenye mashine. Na uangalie wembe ziko sambamba kweli, mbele na nyuma, maana zikiwa zimekaa kama miguu ya bata zinalima karatasi badala ya kuikata, utaona ukingo umenyanyuka na nyuzi zimevutika.

Kukata: chini tandika kadibodi ngumu au ule mkeka wa kukatia. Usikatie juu ya kioo, wembe inakufa hapo hapo. Na usikatie juu ya ubao, mistari ya mbao inaiongoza wembe kwenda inakotaka yenyewe. Kila stripi hamia sehemu mpya ya kadibodi, ukipita juu ya mfereji wa zamani wembe inaufuata. Rula nzito ya chuma ibane kwa klempu mbili, block itembee imeegemea rula, vuta kuja kwako mara moja tu kwa mwendo mmoja bila kusimama na bila kurudia. Kama haikukatika mara moja wembe imechoka au umekandamiza kidogo, hio stripi sio ya kupima.

Alafu kitu kimoja kizuri, usianzie kukata nje ya karatasi. Anzia ndani kidogo ya ukingo na uishie kabla hujatoka, stripi ibaki imeshikiliwa na karatasi yake huku na huku, haisogei kabisa. Ukimaliza zote ndo unakata ncha kwa rula na kisu.

Wembe vunja ncha mpya mara kwa mara, zote mbili kwa pamoja, usibadilishe moja ukaacha nyingine. Nyuzi za magugu zina mchanga wa ziwani humo ndani hata kama wameosha, zinakula makali.

Steshenari_Makoroboi

Mkuu hilo la nusu milimita umenifungua, kuna kazi za lebo huwa zinazidi kidogo na nilikua sijui kwanini. Nakubali kuhusu rundo pia, sikujua kama anatakiwa 0.1.

mzee_wa_labu

Fundi wa Nyakato Mungu akubariki, hayo maelezo ni ya mtu anayeshika chuma.

Binti, uelekeo. Ndiyo, kutikisa fremu upande mmoja kunalaza nyuzi kiasi, si sana kama karatasi ya kiwandani ambayo inakimbia kwenye wavu, lakini upo. Waulize akina mama walikuwa wanatikisa kuelekea wapi, chora mshale kwa penseli kwenye kona ya kila karatasi kabla hujakata chochote. Baada ya kukata hutajua tena. Ukate pande zote mbili na majibu yakae kwenye jedwali tofauti, usije ukayachanganya kwenye wastani mmoja. Mfuko unavutwa kwenye mshikio, na mnunuzi akijua upande wenye nguvu atajua aelekeze wapi karatasi wakati wa kukunja.

Lakini angalia urefu. Kipimo cha ISO 1924-2 taya zinakaa milimita 180, na unahitaji nyama ya kushikwa na taya huku na huku. Kwa urefu wa A4 una 297, ukikata stripi ya 250 inatosha, inabaki 35 kwa kila taya na pembeni unatupa zaidi ya sentimita mbili kila upande. Hiyo ya kutupa usiihurumie, karatasi ya mkono pembeni huwa nyembamba na imechakaa pale fremu ilipoinuliwa. Kwa upana ndipo kwenye shida: una 210, ukitoa pembeni unabaki na 180 jumla, haiwezekani taya zikae 180. Hapo nenda ISO 1924-3, kipimo kile kile kwa mtindo mwingine, taya zinakaa 100 na mwendo ni milimita 100 kwa dakika. Sasa ukitumia 180 kwa huku na 100 kwa kule hutaweza kulinganisha, kwa sababu kipande kirefu kina nafasi zaidi ya kuwa na sehemu dhaifu, na mwendo nao unabadilisha jibu, ukivuta haraka karatasi inaonekana ina nguvu zaidi. Ushauri wangu tumia 100 kwa pande zote mbili na uandike wazi kwenye ripoti.

Stripi nzuri kumi kwa kila uelekeo ndiyo ya chini. Kata zaidi kidogo maana nyingine zitakatikia karibu na taya, chini ya milimita 10 kutoka mstari wa kubania, na hizo hazihesabiwi. Na usikate kumi zote kwenye karatasi moja, gawanya, mbili huku tatu kule, uwe umeipima kazi ya kikundi chote na si bahati ya mchoto mmoja.

kemia_Nyegezi

Samahani naingia kati, nimeona hakuna aliyegusia unyevu na hapa kwetu pembeni ya ziwa ndo balaa lenyewe. Karatasi inakunywa maji ya hewani, ikinywa inatanuka na inalegea. Stripi uliyoikata mchana jua kali ukaipima asubuhi ya mvua sio ile ile tena, hata upana wake umebadilika kidogo. Kiwango ISO 187, cha hali ya hewa ya kupimia karatasi, kinasema nyuzi joto 23 na unyevu wa hewa asilimia 50. Kama huna chumba maalumu fanya hivi:

Chukua ndoo au boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana. Chini weka bakuli ya magnesiamu naitreti iliyokorogwa na maji kidogo mpaka inakua kama uji wenye chumvi isiyoyeyuka bado, lazima ile isiyoyeyuka ionekane, ikiisha yote kuyeyuka haifanyi kazi. Hio inashikilia hewa ya humo ndani karibu asilimia 53 kwenye nyuzi joto 25. Karibu kabisa na unachotaka. Chumvi ya mezani usitumie, yenyewe inashika asilimia 75, karatasi italegea. Magnesiamu naitreti iombe labu ya kemia, vaa glavu, na usiiweke karibu na moto wala vumbi la mbao.

Juu ya bakuli weka wavu, tandaza stripi zisilaliane. Kama una kifeni kidogo cha betri kiweke humo, hewa isiposogea inachukua muda mrefu sana. Pima uzito wa karatasi moja, baada ya saa moja pima tena, kama tofauti haifiki asilimia 0.25 imeshatulia.

Na ziingie zikiwa kavu. Karatasi inayotoka kwenye ukavu kwenda 50 na inayotoka kwenye umajimaji kwenda 50 hazifiki kwenye unyevu ule ule, ile iliyotoka kwenye umajimaji inabaki na maji zaidi. Kwaio kwanza ziweke sehemu kavu yenye joto kidogo lisilozidi nyuzi joto 40, alafu ndo ndoo. Zote zipite njia moja.

binti_kayenze

Jamani sijui hata niwashukuruje. Nimeenda Nyakato, fundi amenichongea block ya alumini, nikapima wembe kwa maikromita ya chuoni kweli ni nusu milimita. Nimejaribu kwenye karatasi za fotokopi tu kwanza, vernia (kile kipimo cha upana chenye taya) inasoma 15 mwanzo katikati na mwisho, nimepiga picha ukingo kwa kamera ya simu nikiwa nimekuza, uko safi. Magnesiamu naitreti nimepata.

Maswali yangu ya mwisho. Naanza kukata kabla ya ndoo au baada? Alafu unene, karatasi zangu zinapishana unene sehemu na sehemu, naugawa vipi? Na la tatu ndo linaniumiza kichwa, kuna stripi zitapitiwa na vifundo, yani vibonge vya nyuzi ambavyo havikutwangika vizuri. Nikiziacha hizo zitashusha namba, nikizitoa naona kama nadanganya.

kemia_Nyegezi

Kata karatasi ikiwa imeshatoka kwenye ndoo, ikate fasta ukiwa umefunga dirisha, alafu stripi zirudi ndoo mpaka ziende kwenye mashine. Shika kwenye ncha tu pale taya zitapobania, vidole vina jasho na mafuta. Zibebe kwenye boksi limefungwa, usizibebe kwenye bahasha mkononi ndani ya daladala.

Fundi_Nyakato

Safi sana dada. Hio block ukimaliza ifute mafuta kidogo iweke, atakuja mwingine ataihitaji.

mzee_wa_labu

Binti, unene usikusumbue. Ndiyo maana karatasi hawaandiki nguvu kwa eneo kama chuma, wanaandika kwa upana: niutoni kugawa kwa mita. Kisha unagawa kwa uzito wa karatasi kwa mita ya mraba, unapata indeksi, na hiyo ndiyo inalinganisha karatasi nzito na nyepesi kwa haki. Mfano stripi imekatika kwenye niutoni 45: gawa kwa mita 0.015 unapata 3,000. Karatasi ikiwa gramu 100 kwa mita ya mraba, 3,000 gawa kwa 100 ni 30, inaandikwa niutoni mita kwa gramu. Kwa hiyo pima uzito wa karatasi nzima uliyoitoa stripi, ukate mraba unaojua saizi yake na uupime kwenye mizani nzuri. Unene upime kwa maikromita sehemu tano uandike kama taarifa, lakini usigawe nao.

Vifundo. Hapa nisikilize vizuri kwa sababu mnunuzi ataiamini karatasi yako. Kuna aina mbili za kasoro. Ya kwanza ni ya kwako wewe mkataji: ukingo uliochanika, upana uliozidi, stripi iliyopindwa kwa kidole. Hiyo unaitoa, na unaitoa kabla ya kuivuta, ukiwa hujui itasoma ngapi. Kaa nazo mezani, pima kila moja sehemu tatu, zilizozidi 0.1 weka pembeni, zilizobaki zipe namba kwa penseli kwenye ncha, halafu zichanganye ili usivute za karatasi moja zote mfululizo. Baada ya hapo hakuna kutoa tena isipokuwa iliyoteleza au iliyokatikia kwenye taya.

Ya pili ni kasoro ya karatasi yenyewe, na kifundo kimo humo. Mfuko wa mteja utakuwa na vifundo vilevile. Ukivitoa, namba itapendeza na mfuko utachanika sokoni Mlango Mmoja ukiwa na kilo za mchele. Stripi yenye kifundo ivute kama nyingine, ila kwenye daftari pembeni ya namba yake andika "kifundo", na baada ya kukatika tazama imekatikia wapi. Kama nyingi zimekatikia kwenye kifundo utakuwa umepata jambo la kuwapelekea akina mama Kayenze: waongeze muda wa kutwanga, au wachuje uji kwenye wavu mpana kabla ya kuchota. Vipande vilivyokatika usivitupe, vifunge pamoja na namba zake uende navyo kwao wakavione.